Walimu wa Kihispania, mnafundishaje Día de Muertos bila kuitwa ofisini?

mwalimu_wa_jioni

Habari zenu wasomi. Mimi hufundisha Kihispania jioni na Jumamosi asubuhi hapa tao, darasa la watu kumi na wanne, wengi ni watu wazima. Kuna waongoza watalii watatu wa kule Mara wanataka kuongea na wageni bila mkalimani, kuna msichana anangojea kazi ya meli, kuna mzee mmoja mstaafu ambaye amechoka tu kukaa nyumbani, alafu kuna vijana wanne wa sekondari ambao wazazi wao ndio wanalipa. Hao wanne ndio chanzo cha hii posti.

Mwaka jana mwisho wa Oktoba nikasema wacha tufanye somo la Día de Muertos, ile sikukuu ya Meksiko ya kukumbuka wafu, maana huwezi fundisha Kihispania miaka nenda rudi na Meksiko usiiguse, hao ndio wasemaji wengi kuliko nchi ingine yoyote. Nikaprinti mafuvu ya rangi nikabandika ukutani, nikapanga meza na mishumaa na karatasi zilizotobolewa-tobolewa maua, alafu nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa SIKUKUU YA MIZIMU. Wueh. Kufika Jumatatu picha iko kwa grupu ya wazazi, mmoja ameuliza "hii ndio tunalipia?", mwingine ametupa mistari ya Kumbukumbu la Torati 18 yenye inakataza kuongea na wafu, na mimi nikacheka peke yangu kwa matatu kwa sababu si hata jina la hicho kitabu ni Kumbukumbu na mimi ndicho nilikuwa nafundisha. Kicheko kiliisha nilipoitwa ofisini.

Lakini nikiwa mkweli kilichoniuma si hiyo. Kilichoniuma ni kwamba hata waliokuwa wanafurahia hawakujifunza kitu, walipaka mafuvu rangi dakika arobaini wakaenda nyumbani na neno moja, calavera, yaani fuvu. Ningekuwa mwalimu wa sanaa sawa.

Mwaka huu nataka kurudia kwa akili. Niwaambie ni nini hasa, niiite nini kwa Kiswahili, na muhimu zaidi nifanye nini ili waongee Kihispania badala ya kukata makaratasi? Walio na uzoefu mnisaidie.

Kijana_wa_Kayole

Si hiyo ni Halowini tu ya Meksiko? Weka filamu waangalie, wewe kunywa chai.

posho_na_maharagwe

@Kijana_wa_Kayole hapana bro, Halowini ni 31 Oktoba na ni ya kutishana. Hii ni tarehe 1 na 2 Novemba na hakuna mtu anatishwa, ni kama kumngojea mgeni umpendaye. Mimi ni Mkatoliki na hizo tarehe tunazijua vizuri, tarehe moja ni Watakatifu Wote, tarehe mbili ni Marehemu Wote. Parokiani kwetu mwezi mzima wa Novemba kuna bahasha, unaandika majina ya watu wako waliotangulia, zinawekwa karibu na altare, wanaombewa kila misa. Mamangu huandika mpaka jina la jirani aliyekufa 1998 akiwa na deni lake la unga. Kwa hivyo mwalimu, wale Wakatoliki kwa darasa lako wanaijua nusu ya hii kitu tayari, anzia hapo. Na tafadhali hilo neno MIZIMU lifute. Ulijichomea mwenyewe.

wa_Puebla_kurudi_Rongai

Mwalimu shikamoo ya mbali. Mimi nilikaa Puebla, huko Meksiko, miaka miwili nikisoma, nikashuhudia hii kitu mara mbili, wacha niseme nilichoona maana kwa intaneti utapata mafuvu na mavazi tu.

Kwanza harufu. Wiki ya mwisho ya Oktoba kila soko limejaa ua la cempasúchil, rangi ya machungwa kali, na jina lenyewe ni la Kinahuatl, maana yake ua la ishirini. Hao watu walikuwa wanahesabu kwa ishirini ishirini kama sisi tunavyohesabu kwa kumi, so ni kama kusema ua lenye petali tele. Wanachambua petali wanamwaga kutoka mlangoni hadi kwa meza, eti marehemu afuate rangi na harufu asipotee njia. Na unajua hilo ua ni ndugu ya lile gugu linalonuka kwa mashamba yetu, lenye tunaita meksikani marigodi, lenye shosho zetu wanaweka kwa kuku kufukuza viroboto? Si lile lile, ni jamaa moja tu, lakini ukiponda majani unapata harufu ya karibu. Leta tawi moja darasani, wanusishe, hao watu hawatawahi kulisahau hilo neno.

Meza yenyewe inaitwa ofrenda. Glasi ya maji kwa sababu marehemu ametoka mbali ana kiu. Chumvi. Mishumaa. Picha yake. Mkate unaoitwa pan de muerto, mtamu, wa mviringo, juu umewekewa vipande vya unga vyenye umbo la mifupa. Alafu chakula chake yeye mwenyewe, si chakula cha sherehe kwa jumla. Kama babu alikuwa mtu wa sigara fulani na bia fulani utaona hiyo sigara na hiyo bia. Na kuna copal, ule moshi, ni utomvu wa mti ambao uko familia moja na ubani wetu. Ukitaka kuwaonyesha nenda Eastleigh ununue ubani wa kiasi kidogo, inatosha.

Tarehe 1 mara nyingi ni ya watoto waliokufa, wanaitwa angelitos, so siku hiyo mezani kuna peremende na vitu vya kuchezea. Tarehe 2 ni wakubwa. Hapo ndipo mimi nilishindwa kujizuia, kuona gari dogo la plastiki kando ya glasi ya maziwa.

Kuna mji unaitwa Huaquechula uko huko huko Puebla, huu ndio nitaukumbuka hadi mimi niwekewe glasi ya maji. Ukifiwa mwaka huo mnajenga altare nyeupe kubwa sana, ngazi tatu kwenda juu, vitambaa vya satini, inakaribia dari ya nyumba. Na mlango unaachwa wazi. Mtu yeyote anaingia, hata mimi mgeni mweusi kutoka Kenya sijui mtu, unaleta mshumaa, unaangalia, alafu unakalishwa unapewa mkate na chokoleti ya moto na mole, ule mchuzi wao mzito wa pilipili. Nilijaribu kukataa mara ya pili wakakasirika. Nikasema hii ni matanga. Hii ni matanga kabisa, tofauti ni kwamba hakuna mtu wa kamati anazunguka na daftari ya michango.

Usiwaambie kila Mmeksiko anafanya hivi lakini. Kuna familia za kilokole huko pia hazigusi. Na kila mahali wana yao, Yucatán wanaita Hanal Pixán, yaani chakula cha roho, wanapika mkate mkubwa wa mahindi wenye nyama ndani wanauzika kwa shimo la moto. Pomuch kule Campeche wanatoa mifupa ya watu wao kwa sanduku kila mwaka wanaipangusa kwa brashi wanabadilisha kitambaa. Alafu ile parade kubwa ya Mexico City yenye wanafunzi wako wameona kwa vidio, hiyo si ya mababu, ilianza 2016, baada ya filamu ya James Bond ya 2015 kubuni parade ambayo haikuwepo, serikali ikaona si mbaya wacha tuifanye kweli. Waambie hiyo, watu wazima hupenda sana kujua walidanganywa wapi.

binti_wa_Rabai

Niko Nairobi lakini kwetu ni Rabai, wacha niseme kidogo kuhusu mizimu maana mnaifuta kama uchafu.

Babu yangu hakuwa anakunywa mnazi kabla hajamwaga kidogo chini. Kidogo tu, anataja majina, alafu anakunywa, story inaendelea, hakuna ngoma hakuna mtu kuanguka. Sisi Wamijikenda hao tunawaita koma. Na mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wetu, akifa anachongewa kigango, nguzo ya mbao imechorwa pembetatu, inasimamishwa, inabaki hapo hata mkihama. Vigango vyetu viliibwa vikauzwa, vingi vikaishia kwa makumbusho na kwa sebule za matajiri Marekani, vingine vimerudishwa baada ya kelele nyingi. Kwa hivyo ninachomwomba mwalimu ni kimoja, ukitaka kulinganisha linganisha kwa maneno, usije ukawaambia watoto wachonge kigango cha katoni waweke kando ya fuvu la sukari. Hicho ni kitu cha mtu.

Na swali la jina: muerto si mzimu. Mzimu kwa Kiswahili ameshabeba uzito wa kuogopwa, hata ukisema kwa upole mtu anasikia kuzimu. Muerto ni mtu aliyekufa, basi. Sema Siku ya Marehemu. Marehemu ni neno la Kiarabu kwa asili, aliyerehemiwa, hakuna mzazi atakupeleka ofisini kwa neno rehema.

mwalimu_wa_jioni

@binti_wa_Rabai nimesoma mara mbili. Asante dada, hiyo ya kigango ningeifanya kabisa, nilikuwa nimeshawaza katoni.

@wa_Puebla_kurudi_Rongai umenimaliza na ubani. Hebu fikirini, kwa Kiswahili ubani ni ule moshi na pia ubani ni zile pesa unampa mfiwa mkononi. Neno moja. Hiyo peke yake ni dakika kumi za somo.

MamaWawili_Umoja

Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nimeokoka, na ningekuwa kwa ile grupu pengine ningeandika kama yule mama. Lakini nimesoma hapa na sioni pepo, naona watu wanapika.

Shida yangu ni ingine. Mwalimu ukisema "kila mtu alete picha ya marehemu wake" umefikiria yule mtoto aliyezika babake Machi? Wangu mdogo alimpoteza rafiki wa darasa, mwaka mzima hatukuweza kutaja jina hilo mezani. Kwa Wameksiko kuna mji mzima unamsaidia kukumbuka, kuna maua kila kona, kuna jirani anacheka na yeye. Hapa utamsimamisha peke yake mbele ya watu kumi na watatu aseme kwa lugha ambayo hata hajaiweza. Hapo mimi nitakuja ofisini na hakutakuwa na mistari ya Biblia, nitakuja tu.

posho_na_maharagwe

Mama ameongea 🙏🏾

Nahau_na_Chapo

Nafundisha Kihispania pia, upande wa chuo. @MamaWawili_Umoja ana haki kabisa na dawa yake ni rahisi, chagueni marehemu wa umma. Darasa langu huwa tunatengeneza ofrenda ya Wangari Maathai. Angalia jinsi sarufi inavyojileta yenyewe: nació en 1940, ganó el Premio Nobel de la Paz en 2004, murió en 2011, yaani alizaliwa, alishinda Nobeli ya Amani, alikufa. Hizo zote ni tukio likaisha. Alafu unauliza, alikuwa anapenda nini? Le gustaban los árboles, alikuwa anapenda miti. Plantaba, alikuwa akipanda. Luchaba, alikuwa akipigana. Hapo mwanafunzi analazimika kuhama wakati wa kitenzi bila wewe kuchora jedwali, maana mtu hukumbukwa kwa alichokuwa akifanya kila siku. Mara hii ni "alipika", mara ile ni "alikuwa akipika", Mswahili anaisikia tofauti hiyo vizuri sana kuliko kitabu kinavyodhani. Mezani tuliweka mche kwa mkebe, na kijana mmoja akakumbuka kwamba mama huyo hakutaka jeneza la mbao, lake lilitengenezwa kwa magugu maji na mianzi na mafunjo, darasa likanyamaza alafu wote wakataka kujua magugu maji inaitwaje kwa Kihispania. Kikundi kingine kikamchagua Kelvin Kiptum, wakaweka kiatu cha kukimbia na kikaratasi cha 2:00:35, Chicago, 2023. Anayetaka kumleta shosho yake analeta kwa hiari, na huwa wanaleta, ukiacha kuwalazimisha.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", na wanafunzi wote hufundishwa estar ni ya vitu vya muda na ser ni ya vitu vya kudumu, si ndio? Alafu siku hiyo wanakutana na está muerto, amekufa, kwa estar. Kila mwaka kuna mtu anainua mkono, "mwalimu, kwani kufa ni kwa muda?" na wengine wanacheka, na kuna mmoja atasema ndio maana wanarudi Novemba. Mimi huwaambia achaneni na habari ya muda, angalieni Kiswahili. Amelala, está dormido. Amekaa, está sentado. Amechoka, está cansado. Amekufa, está muerto. Ile -me- yetu inasema kuna kitu kilitokea na sasa yuko katika hali hiyo, na estar hapo inafanya kazi ile ile. Nimefundisha miaka mingi kwa vitabu vya Wazungu vinavyozunguka hapo kurasa tatu na jibu lilikuwa kwa mdomo wa mama mboga.

Na majina ya kifo! Wao humwita la flaca, yule mwembamba, la pelona, yule mwenye kipara, la huesuda, yule wa mifupa. Mtu akifa wanasema se petateó, kutoka petate, mkeka, kwa sababu maskini alikuwa anazikwa amefungwa kwa mkeka wake. Mtu wa pwani hatahitaji maelezo hapo. Wanasema pia colgó los tenis, ametundika raba, na sisi mtu akistaafu mpira tunasema ametundika njumu, so waambie kule Meksiko ukitundika hurudi hata kwa mechi ya wakongwe. Waulize wao wana maneno gani ya kufa na ubao utajaa, kudedi, kukata kamba, kuaga, kufariki, na ndani ya hapo unafundisha lipi unasema kwa mazishi na lipi unasema kwa kinyozi.

Kijana_wa_Kayole

Sawa nimenyoosha mikono, si Halowini. Lakini mafuvu basi ni ya nini? Na yule mwanamke wa fuvu mwenye kofia kubwa kwa picha zao ni nani?

wa_Puebla_kurudi_Rongai

Huyo ni La Catrina. Alichorwa na José Guadalupe Posada, fundi wa kuchonga picha za magazeti ya bei rahisi, alikufa 1913 na hakuwa na kitu. Mwanzo jina lake lilikuwa Calavera Garbancera na ilikuwa matusi, alikuwa anawacheka watu wenye damu ya kienyeji waliojifanya Wazungu, kofia ya manyoya ya Ufaransa na tumbo tupu. Kwa Kinairobi ni yule amekaa ng'ambo wiki mbili anarudi anatweng. Baadaye Diego Rivera akamvisha gauni ndefu akamweka katikati ya mchoro mkubwa wa ukutani 1947, na hapo ndipo akawa bibi wa heshima. Mafuvu ya sukari nayo huandikwa jina kwa paji, na mara nyingi ni jina la aliye hai, unampa rafiki yako fuvu lenye jina lake anakula. Hiyo kwa Kenya usijaribu.

Nahau_na_Chapo

Ukishafika kwa Posada nenda moja kwa moja kwa calaveritas, vishairi vya utani ambapo Kifo kinakuja kumchukua mtu aliye HAI, bosi, mwanasiasa, mwalimu. Magazeti yao huzichapisha. Kwa darasa la A2, ngazi ya pili ya wanaoanza, ni dhahabu, mistari minne, vina, wakati uliopita, na hakuna anayelia maana anayekufa ni wewe mwalimu.

MamaWawili_Umoja

Hiyo hata mimi naruhusu 😂

mwalimu_wa_jioni

Nimerudi na ripoti. Nilifanya Jumamosi iliyopita. Nilituma ujumbe kwa grupu mapema, mistari mitatu, kwamba tutasoma jinsi Meksiko wanavyokumbuka marehemu wao na sarufi ya wakati uliopita, nikaambatisha orodha ya vitenzi. Emoji ya dole gumba, basi. Yule mama wa Torati akauliza kama mtoto alete daftari mpya.

Tulifanya ya Wangari. Ubani niliutoa kwa bahasha wakaunusa bila kuuwasha, jengo lina vitu vya moshi vinalia. Mkate nilichukua skonzi za kawaida, jirani yangu anayeoka akazirudia na maganda ya chungwa, mifupa ilitokea kama vidole lakini ililiwa. Yule mzee mstaafu ndiye alinishangaza, hakuambiwa alete kitu, akatoa redio ndogo kwa mfuko wa koti akasema ni ya marehemu mkewe, a mi esposa le gustaba la radio por la mañana, mke wangu alikuwa anapenda redio asubuhi. Sentensi nzima bila kosa. Huyu mtu tangu Januari hajawahi kupata gustaba sawa. Nikakaa kimya, wengine wakamuuliza ni stesheni gani, kwa Kihispania.

Calaveritas walianza kwa Kihispania zikawa nzito, nikawaambia andikeni kwanza kwa Kiswahili vina vitoke, tutafsiri wiki ijayo. Hii ni ya wale vijana wanne, waliisoma wakiwa wamejificha nyuma ya mwenzao mrefu:

Kifo kilipanda gari, kikitoka Githurai,
Kikamkuta tayari, mwalimu akinywa chai,
Kikamwambia, "Safari! Leo huna la kudai!"
Akakijibu, "Subiri, hujui *estar*, hufai!"

Sasa niambieni, *hufai* hapo natafsiri vipi ili kina kisipotee?

Nahau_na_Chapo

Hapo umetuzika. Nipe hadi kesho.